DISKI YA SSD: KUICHAGUA, KUIFUNGA NA KUILINDA AMANA ILIYOMO NDANI YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.



Katika toleo la mwaka huu tumeona ni vyema tuandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza, hasa nyinyi mliomaliza kidato cha sita na mnaojiandaa kwenda vyuoni. Swali lenyewe huja hivi: "Ustaadh, kompyuta yangu ni nzito mno, nimeambiwa niweke SSD. Hiyo SSD ni kitu gani, na nitaijuaje iliyo nzuri?"

Huenda wengine mkasema, madrasa na diski za kompyuta wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba diski ni chombo cha kuwekea amana. Ndani yake mna kazi za mtu, picha za wazazi wake, matokeo ya wanafunzi na sauti za masheikh. Na mambo ya amana yana hukumu zake katika dini yetu. Kabla hatujaingia katika maelezo, tuwasimulie kisa kilichotufika sisi wenyewe.

KISA KILICHOTUFIKA

Madrasa yetu ilikuwa na kompyuta mpakato moja ya mtumba. Ndani yake tuliweka majina ya wanafunzi, hesabu za ada na matokeo ya mitihani. Lakini kilichokuwa na thamani kubwa zaidi ni darsa za fiqhi za mzee wetu, ambazo tulizirekodi kwa muda wa miaka mitatu, kila baada ya sala ya Maghrib. Zilikuwa zaidi ya mia moja. Mzee huyo alifariki mwaka 2017, Allah amrehemu, na sisi tukajiliwaza kwamba japo ametutoka, sauti yake tunayo.

Miezi michache baadaye kompyuta ile ikaanza kutoa mlio mdogo wa tik, tik, tik. Tuliusikia, tukasema ni uzee tu. Tuliendelea kuibeba kwa bodaboda kutoka Igoma hadi mjini, mara nyingine ikiwa haijazimwa. Siku tuliyotaka kuchapa matokeo ya mwisho wa mwaka, haikuwaka. Tukaipeleka kwa fundi. Akaifungua, akaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha akasema:

"Ustaadh, diski imekufa. Nakala mnayo?"

"Nakala gani?"

"Nakala ya vilivyokuwemo."

Tukanyamaza.

Matokeo tuliyarudisha kwa kuyaandika upya kutoka katika madaftari ya walimu, kazi iliyotuchukua siku nne. Ama zile darsa, tulipata kumi na moja tu. Hizo nazo zilipatikana kwa sababu binti mmoja, mwanafunzi wetu, alikuwa akizihamishia kwenye simu yake ili akazisikilize kwao Ukerewe wakati wa likizo. Zilizobaki zimekwenda na hazitarudi.

Fundi alituwekea SSD. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika tatu na zaidi kuwaka, ikawa inawaka kabla mtu hajamaliza kuvuta kiti. Tulifurahi sana. Na furaha hiyo ndiyo iliyotaka kutuingiza tena katika kosa lile lile, kwani tulidhani kuwa diski ikiwa mpya na ya kisasa basi amana iko salama. Ndipo tukaanza kusoma na kuuliza, na haya yanayofuata ndiyo tuliyoyapata.

SSD NI NINI, NA INATOFAUTIANAJE NA DISKI YA ZAMANI?

Diski ya zamani, ambayo mafundi huiita HDD, ni sahani zinazozunguka. Ndani ya kasha lake mna sahani moja au zaidi zilizopakwa madini yenye sumaku, na juu yake unapita mkono mdogo unaosoma na kuandika. Katika kompyuta mpakato nyingi sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde moja. Ule mkono hauigusi sahani, bali huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kompyuta ikirushwa na shimo la barabara huku diski inazunguka, mkono unaweza kuikwaruza sahani. Hapo ndipo ule mlio wa tik tik unapoanza.

Teknolojia hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa diski ya kwanza ya namna hii. Ilikuwa na sahani 50, uzito wake ulikaribia tani moja, na ilibeba herufi milioni 5 tu, yaani pungufu ya wimbo mmoja mrefu kwenye simu zenu.

SSD haina kitu chochote kinachozunguka. Ndani yake mna vipande vya kumbukumbu vya jamii ile ile inayotumika katika flashi na simu. Kila kipande kina mabilioni ya vyumba vidogo ambavyo hufungia chaji ya umeme, na chaji hiyo hubaki hata kompyuta ikizimwa. Aliyebuni kumbukumbu ya aina hii ni Mjapani aitwaye Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, katika miaka ya 1980. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo baadaye iliitwa SanDisk, iliiuzia IBM diski ya SSD ya MB 20 kwa bei ya takriban dola 1,000. Leo flashi ya kuning'iniza kwenye funguo inaishinda diski hiyo mara mia na zaidi.

Kwa kuwa SSD haisubiri sahani izunguke wala mkono usogee, inalifikia faili mara moja. HDD ya kompyuta mpakato husoma takriban MB 100 kwa sekunde, na hupungua sana mafaili yakiwa madogo na yametawanyika. SSD ya kawaida hufika MB 500 kwa sekunde, na zile za aina mpya hupita MB 3,000. Zaidi ya hayo haina kelele, inatumia umeme kidogo, na haiogopi bodaboda kama mwenzake.

KUCHAGUA SSD

Mwanafunzi akitaka kununua SSD, ayaangalie mambo matano.

(i) Umbo linaloingia katika kompyuta yake.

Hili ndilo la kwanza, kwa sababu SSD nzuri isiyoingia ni hasara. Maumbo ni matatu.

La kwanza ni la inchi 2.5. Hili linafanana na diski ya zamani, upana wake karibu sentimita 7, urefu sentimita 10 na unene milimita 7. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa hapa Mwanza, kama vile ThinkPad T420 na EliteBook 8460p, hutumia umbo hili.

La pili ni mSATA, kadi ndogo ya karibu sentimita 5 kwa 3, inayopatikana katika baadhi ya kompyuta zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2010.

La tatu ni M.2, kadi nyembamba yenye upana wa milimita 22, na mara nyingi urefu wa milimita 80. Namba 2280 iliyoandikwa juu yake ina maana hiyo hiyo, 22 kwa 80. Zipo pia za 2242, ambazo ni fupi.

Hapa pana mtego. Kadi za M.2 zinaweza kufanana kwa umbo lakini zikazungumza lugha mbili tofauti, SATA na NVMe. Kompyuta inayojua SATA peke yake haitaiona kadi ya NVMe, hata kama imeingia vizuri na skrubu imekaza. Kwa hiyo tafuta namba kamili ya modeli ya kompyuta yako, ambayo aghalabu imeandikwa chini yake, kisha usome maelezo ya mtengenezaji. Njia nyepesi zaidi ni kuifungua kwanza na kwenda dukani na diski ya zamani mkononi.

Zipo pia kompyuta ambazo kumbukumbu yake imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Hizo hazibadilishwi diski. Uliza kabla ya kununua kompyuta yenyewe.

(ii) Ukubwa.

Kwa anayeandika na kusoma, GB 240 au 256 zinatosha. Anayeweka sauti na video nyingi achukue 480 au 512. Ili mpate kukadiria, darsa ya saa moja iliyorekodiwa kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban MB 29. Maana yake darsa 1,000 za namna hiyo hazijazi hata GB 30. Kinachojaza diski ni video.

Msishtuke mkiona diski ya GB 256 inasomeka 238 kwenye Windows. Hamkuibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, na Windows inahesabu kwa mizani kubwa kidogo.

(iii) Kasi.

Wauzaji watakusifia MB 7,000 kwa sekunde. Ikiwa kompyuta yako ni ya zamani, haitaifikia kasi hiyo, nawe utakuwa umelipia usichokitumia. Tofauti kubwa ambayo mtu anaihisi ni ile ya kutoka HDD kwenda SSD yoyote iliyo halali. Kutoka SSD moja kwenda nyingine yenye kasi zaidi, anayeandika insha hataona jipya. Na kama kompyuta ina RAM ya GB 2 tu, jueni kwamba SSD peke yake haitaondoa uzito wote.

(iv) Umri wa kuandikwa.

Vile vyumba vya kufungia chaji huchakaa kila vinapoandikwa. Ndiyo maana mtengenezaji hutaja kiasi cha data kinachoweza kuandikwa katika uhai wa diski. Tuchukue mfano wa Kingston A400 ya GB 240, ambayo imewekewa kiwango cha TB 80. Mwanafunzi akiandika GB 20 kila siku, na wachache wanaofikia hapo, atahitaji siku 4,000, yaani karibu miaka 11. Kwa hiyo msiwe na wasiwasi na jambo hili katika diski mpya. Katika diski iliyotumika, hapo ndipo pa kuuliza. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski kwa asilimia, saa ilizofanya kazi na kiasi kilichokwisha andikwa. Mwambie muuzaji aichomeke na mwitazame pamoja kabla ya kutoa pesa.

(v) Uhalali wa bidhaa.

Ndugu zangu, hapa ndipo wengi wanapoumia. Mwalimu mwenzetu alinunua diski ya nje iliyoandikwa TB 2, kwa bei isiyofika hata ya SSD halali ya GB 256. Aliweka mafaili yake yote, nayo ikayapokea bila kulalamika. Majina yakawa yanaonekana, lakini akiyafungua mengi yanakataa. Tulipolipasua kasha, tulikuta kadi ndogo ya memori ya simu imebandikwa kwa gundi.

Ghiliba yake ni hii. Diski imefundishwa kusema uongo juu ya ukubwa wake. Ikijaa, hurudi mwanzo na kuandika juu ya mafaili ya kwanza, huku ikibakisha majina. Mwenye mali anagundua baada ya miezi. Dini yetu imekataza vikali ghushi katika biashara, lakini kukatazwa kwa muuzaji hakumwondolei mnunuzi wajibu wa kuwa macho. Nunua katika duka linalotoa risiti na dhamana. Kisha uijaribu kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza diski yote na kuisoma tena, ikakwambia ukubwa wake wa kweli. Fanya hivyo ikiwa bado tupu, siku ile ile uliyonunua. Na bei ikiwa ya ajabu, shuku.

KUFUNGA SSD

Kazi hii si ngumu. Vijana wetu wawili wameifanya mbele yetu kwa muda usiozidi nusu saa. Lakini ina mpangilio wake, na anayeuruka hujuta.

1. Toa nakala ya mafaili yako yote kwanza, na uifungue uhakikishe inasomeka. Usianze hatua ya pili kabla ya hii. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, andika mahali pa salama ule ufunguo wake wa tarakimu 48.

2. Tayarisha flashi ya kuwekea mfumo, isiyopungua GB 8. Windows ipakuliwe kutoka kwa Microsoft wenyewe, si kwa mtu wa pembeni. Jueni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kompyuta yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za mtumba hazina sifa hizo. Kwa hizo, Linux kama Ubuntu au Linux Mint ni mfumo wa bure na wa halali, na unaendelea kuhudumiwa.

3. Zima kompyuta kabisa, si kuilaza. Chomoa chaja. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Kama iko ndani, chomoa waya wake mara tu baada ya kufungua mfuniko.

4. Fanya kazi juu ya meza kavu na safi, si juu ya zulia. Gusa chuma kwanza ili uondoe umeme tuli mwilini, kwani umeme usiousikia wewe unaweza kuiua kadi. Wakati wa usiku funga dirisha, maana wadudu wa ziwani wakiifuata taa wataingia humo humo ndani.

5. Tumia bisibisi ndogo ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu. Skrubu zipange juu ya karatasi kwa mchoro wa mahali zilipotoka, kwa sababu urefu wake hutofautiana, na ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa bodi.

6. Kwa umbo la inchi 2.5, vuta diski ya zamani taratibu kutoka kwenye soketi, hamisha fremu yake uifunge kwenye SSD, kisha uisukume mpaka pini zikae. Kwa M.2, linganisha pengo la kadi na la soketi, iingize ikiwa imeinama kama nyuzi 30, ilaze chini na ukaze skrubu yake moja. Isipoingia kwa wepesi, usitumie nguvu. Umeigeuza au si ya aina yake.

7. Rudisha mfuniko, washa, na uingie kwenye BIOS uone kama jina la diski mpya limetokea. Likitokea, chomeka flashi uweke mfumo.

Wapo wanaopenda kunakili diski nzima ya zamani kwenda kwenye mpya ili wasianze upya. Programu ya bure ya Clonezilla hufanya hivyo, ila kwa kawaida hukataa kama diski mpya ni ndogo kuliko ya zamani. Sisi tunashauri kuanza upya, kwa sababu anayenakili huhamisha pia virusi na uchafu wa miaka yote.

KUTUNZA SSD

Kwanza, usiijaze. Acha nafasi ya asilimia 10 hadi 20. SSD haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa mpaka ikifute kwanza, na hufuta kwa mafungu makubwa. Ikikosa nafasi hupunguza kasi na huchakaa mapema.

Pili, usitumie zile programu za zamani za kupanga vipande vya diski. Zilikuwa na faida kwa sahani zinazozunguka. Kwa SSD ni kuichosha bure. Windows yenyewe inaitambua SSD na kuipa amri iitwayo TRIM, ambayo huijulisha ni vyumba gani havina kazi tena. Andika dfrgui katika menyu ya kuanzia, utaona kama diski yako imetambuliwa kuwa ni SSD.

Tatu, jihadhari na umeme. Wengi wetu tunatumia kompyuta ambazo betri zake zimekufa, zinaishi kwa chaja. Umeme ukikatika ghafla huku SSD inaandika, inaweza kupoteza si faili lile tu bali hata orodha yake ya ndani inayojua kila kitu kilipo. Betri nzima ni kinga. Na mvua za Kanda ya Ziwa zina radi kali. Zikianza kunguruma, chomoa chaja ukutani.

Nne, epuka joto. Usiiweke kompyuta juu ya godoro, ukaziba matundu yake ya hewa, wala usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Tano, na hili wengi hawalijui, SSD isiyowashwa husahau. Tumesema kwamba data ni chaji iliyofungiwa. Chaji hiyo huvuja polepole, na joto huongeza uvujaji. Kwa kipimo kinachotumiwa na watengenezaji, SSD ya matumizi ya kawaida iliyokwisha fikia kikomo chake cha kuandikwa, ikizimwa na kuwekwa penye nyuzi 30, inatakiwa idumishe data kwa mwaka mmoja. Ikiwa mpya hudumu zaidi. Lakini haifai kuifungia kabatini miaka mitano ukidhani umehifadhi. Iwashe kila baada ya miezi michache, na yale ya muhimu yasome na kuyanakili upya.

Nyinyi mnaohifadhi Qur'ani mnalielewa hili kuliko fundi yeyote. Mtume (S.A.W.) alimfananisha mwenye Qur'ani na mwenye ngamia aliyefungwa: akimwangalia atabaki naye, akimwachia atakwenda zake. Hifdhi bila muraja'a huondoka kidogo kidogo, na mwenyewe hana habari.

KASI SI HIFADHI

Sasa tunafika kwenye kiini cha makala yetu. Diski ya zamani ilipokuwa inakufa, mara nyingi ilitoa mlio. Ilikuwa inatuonya, sisi ndio tuliopuuza. SSD mara nyingi haionyi. Jana ilikuwa inafanya kazi, leo kompyuta inasema haioni diski. Tena faili lililofutwa katika HDD fundi hodari alikuwa anaweza kulirudisha. Katika SSD, ile amri ya TRIM ikishapita, aghalabu hakuna cha kurudisha. Kwa hiyo anayehamia kwenye SSD anahitaji nakala zaidi kuliko mwenye diski ya zamani, si pungufu.

Tazameni wema waliotangulia walivyofanya. Katika vita vya Yamama, zama za ukhalifa wa Abu Bakr (R.A.), waliuawa wengi waliohifadhi Qur'ani. Umar (R.A.) akahofia, na Zayd bin Thabit akapewa kazi ya kuikusanya kutoka katika makuti ya mitende, mawe bapa, ngozi na vifua vya watu. Hakutosheka na alichokihifadhi yeye mwenyewe, na hali yeye alikuwa mwandishi wa wahyi. Kisha Uthman (R.A.) akatoa nakala na kuzipeleka katika miji mbalimbali. Na aya ndefu kuliko zote, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Maandishi yapo, na mashahidi wapo pia.

Hata katika pwani yetu ya Waswahili, msahafu na vitabu vya Msikiti wa Riyadha wa Lamu vilikuwa hatarini kwa unyevu na wadudu. Katika muongo wa 2010 vilipigwa picha za kompyuta kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza. Karatasi zikabaki Lamu, na picha zake zipo pia London. Moto ukitokea upande mmoja, upande wa pili umebaki.

Wataalamu wa kompyuta nao wana kanuni ya 3, 2, 1. Maana yake ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Sisi madrasani tunafanya hivi:

(a) Nakala ya kwanza iko ndani ya SSD ya kompyuta, ndiyo ya kazi za kila siku.

(b) Ya pili iko katika diski ya nje ya aina ya HDD, inayoandikwa kila Alhamisi jioni na kuchomolewa. Mwenye HDD ya zamani iliyo nzima asiitupe. Itiwe katika kasha la USB ifanye kazi hii.

(c) Ya tatu iko kwa mwalimu mwenzetu Sengerema. Tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, hatusubiri kivuko tena, kwa hiyo udhuru wa kuchelewa umekwisha. Aliye na intaneti anaweza kutumia hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa GB 15 bila malipo.

(d) Matokeo ya mitihani tunayachapa pia kwenye karatasi.

Na kila mwezi tunafungua faili moja au mawili kutoka katika kila nakala, tuone kama yanasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu.

DISKI UNAYOIACHA

Neno la mwisho ni juu ya diski ya zamani ukitaka kuiuza au kuigawa. Kufuta mafaili hakutoshi. Katika HDD, fanya fomati kamili, si ile ya haraka. Katika SSD, tumia amri ya kufuta kabisa iliyomo katika programu ya mtengenezaji au katika BIOS. Iliyokufa ivunjwe. Taarifa za watu ni amana, na hapa nchini kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini kabla ya sheria hiyo, Mwenyezi Mungu alikwisha tuamrisha katika Suratun Nisaa kuzifikisha amana kwa wenyewe.

HITIMISHO

Wapenzi wanafunzi, nunueni SSD mkiweza, kwani ni msaada mkubwa katika kutafuta elimu na huipa kompyuta ya mtumba uhai mpya. Ichagueni kwa kujua, ifungeni kwa utulivu, itunzeni. Lakini kabla hamjaulizana ina kasi kiasi gani, ulizaneni nakala iko wapi.

Na yeyote kati yenu, au kati ya kaka na dada zenu waliosoma hapa kabla ya mwaka 2017, mwenye darsa yoyote ya mzee wetu katika simu ya zamani, kadi ya memori au flashi iliyosahauliwa katika droo, tunamwomba kwa ajili ya Allah atuletee tuinakili. Hata ikiwa ni kipande cha dakika tano. Tumefikisha kumi na moja, na hatujakata tamaa ya kupata ya kumi na mbili.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kuhifadhi amana zetu, na amrehemu mzee wetu pamoja na walimu wetu wote waliotangulia. Amin.

Wabillahit Tawfiiq.